Dhahabu katika Kifungu cha "Nyinginezo": Uhakiki wa Jedwali la Forodha

Kitabu tunachokihakiki safari hii si riwaya wala si mkusanyo wa hotuba. Ni kitabu cha namba. Kimejaa mistari, nukta na tarakimu kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na makada wengi humaliza miaka yao yote ya utumishi bila kukifungua. Hata hivyo hakuna pamba ya mkulima wa Kishapu, wala dhahabu ya mchimbaji wa Nyarugusu, iliyopita forodhani kihalali bila kwanza kupewa jina na kitabu hiki. Tunazungumzia Jedwali la Uainishaji wa Bidhaa la Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, ambalo mawakala wa forodha hulitaja kwa herufi mbili tu, HS. Pamoja na mtoto wake wa Afrika Mashariki, yaani Kitabu cha Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, toleo la 2022.

Sababu ya kukihakiki sasa ni hii. Jedwali la dunia hufanyiwa marekebisho kila baada ya miaka mitano au sita. Toleo lijalo litaanza kutumika tarehe 1 Januari 2028, na kila umoja wa forodha utapaswa kupanga upya kitabu chake kulifuata. Wataalamu watasema kazi hiyo ni ya makarani. Sisi tunasema kwamba mtu anayemwachia karani peke yake kazi ya kuipa majina mali ya taifa, asishangae baadaye akikuta mali hiyo ina jina asilolijua.

Muundo wake si mgumu. Jedwali limegawanywa katika sehemu 21 na sura 97. Tarakimu mbili za kwanza hutaja sura, nne hutaja fungu, sita hutaja kifungu. Mpaka kwenye tarakimu ya sita dunia nzima husema lugha moja: afisa wa bandari kavu ya Isaka na afisa wa Rotterdam huandika namba ileile kwa kitu kilekile. Kuanzia ya saba, kila nchi au umoja wa forodha una uhuru wa kuongeza zake. Jumuiya yetu imeongeza mbili, zikawa nane. Sura ya 77 haina kitu. Imeachwa wazi kwa matumizi ya baadaye, katikati ya sura za metali. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama hiyo ndiyo sura tuliyotengewa sisi. Darasa lilicheka, lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko majibu tuliyompa.

Mkataba wa jedwali hili ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1983 na kuanza kutumika 1 Januari 1988. Kabla yake lilikuwapo jedwali la Brussels la mwaka 1950, na kabla ya hilo jedwali la Geneva la mwaka 1937. Yote mawili yalitungwa sisi tukiwa watawaliwa, na katika miaka hiyo dhahabu ya mgodi wa zamani wa Geita ilikwenda ilikopelekwa na mkoloni. Hilo halitoshi kuyafanya yawe maovu. Reli nayo ilijengwa na mkoloni na tunaipanda. Ila abiria mwenye akili huuliza reli ilijengwa kutoka wapi kwenda wapi.

KUAINISHA NI KUULIZA SWALI

Mfugaji wa Kisukuma anaweza kuwapanga ng'ombe wake kwa rangi, kwa umri, kwa maziwa au kwa ukoo wa mama zao. Mipango yote hiyo ni sahihi. Lakini siku ya kutoa mahari anajua ni mpango upi unaotumika, na anajua pia upande wa pili unatumia upi. Jedwali la forodha nalo ni hivyo hivyo. Halisemi uongo, linajibu swali fulani na kuyaacha mengine. Kazi ya mhakiki ni kutafuta swali lililoulizwa, na nani aliyeliuliza.

Ipo kanuni inayosaidia kulijibu. Kila jedwali linapopitiwa upya, fungu ambalo biashara yake duniani haifiki dola milioni 100 kwa mwaka, na kifungu kisichofikisha dola milioni 50, huangaliwa kama vinafaa kufutwa. Bidhaa ikifutiwa namba yake haipotei. Hutupwa katika kifungu cha mwisho cha fungu lake, kile kinachoitwa "nyinginezo". Ndugu msomaji, lifungue jedwali mahali popote utalikuta neno hilo. Humo ndimo zinamolala bidhaa ambazo wauzaji wake ni wengi na wanyonge, au wanunuzi wake hawaoni haja ya kuzitofautisha. Wenye kauli hutajwa kwa majina. Wasio na kauli huhesabiwa pamoja kama magunia ya chumvi.

Kwa hiyo msomaji angetegemea kwamba dhahabu, ambayo kwa thamani ni miongoni mwa bidhaa kubwa kabisa za dunia, haiwezi kukutwa humo. Na tuiangalie basi.

Sura ya 26 ni ya mawe ya madini na makinikia. Fungu la 2603 ni la shaba. Fungu la 2604 ni la nikeli. Fungu la 2616 ni la madini ya thamani, nalo lina vifungu viwili tu: 2616.10 ni fedha, 2616.90 ni nyinginezo. Dhahabu imo katika nyinginezo! Tukienda sura ya 71, fungu la 7108 linaitwa dhahabu kwa jina lake, na humo unga wa dhahabu umepewa kifungu chake, 7108.11. Lakini mikuo, yaani vile vipande vizito vinavyotoka migodini na viwandani, imo katika 7108.12, ambacho maana yake ni maumbo mengine ambayo hayajafuliwa. Nyinginezo tena.

Hakuna njama katika jambo hili. Mtu anayedhani kwamba kikundi cha watu kilikaa usiku Brussels kuificha dhahabu ya Geita hajaelewa jinsi mfumo wa uchumi wa dunia unavyofanya kazi. Mfumo hauhitaji njama. Waliouliza swali walikuwa nchi zinazoingiza bidhaa na kutaka kujua zitoze ushuru gani, na kwa mnunuzi wa namna hiyo dhahabu haina haja ya kugawanywa sana, kwa sababu kwa kawaida haitozwi ushuru mkubwa anakoingizia. Kwake ni dhahabu tu. Kwetu sisi tunaoitoa ardhini, tofauti kati ya jiwe, makinikia, mkuo ghafi na mkuo uliosafishwa ndiyo tofauti kati ya kazi na ukosefu wa kazi.

MAKINIKIA: SOMO LA MWAKA 2017

Hapa inafaa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo taifa zima lilipogongana na kitabu hiki, ingawa wengi wetu hatukujua.

Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote katika eneo la Kahama mkoani Shinyanga, ilikuwa na mwamba ambao dhahabu yake imeshikamana na shaba. Sehemu moja ya dhahabu ilitolewa papo hapo ikawa mikuo. Sehemu nyingine ilibaki ndani ya unga mzito uliopakiwa katika makontena na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha hadi vinu vya kuyeyushia vya ng'ambo. Wananchi waliuita mchanga. Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli alizuia usafirishaji wake, na makontena 277 yakabaki bandarini. Tarehe 24 Mei 2017 kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ilikabidhi taarifa yake. Kwa mujibu wa kamati, kila tani ya makinikia ilikuwa na wastani wa gramu 1,400 za dhahabu, sawa na kilo 28 kwa kontena la tani 20. Kwa makontena yote, tani 7.8. Nyaraka za usafirishaji zilikuwa zimetaja gramu 200 kwa tani. Kamati ilitaja pia metali nyingine ambazo hazikuwa zimehesabiwa katika mrabaha. Kampuni ya Acacia, mwenye migodi, ilikataa vipimo hivyo na kuendelea kuvikataa.

Makala hii haina nia ya kuamua kesi ya vipimo. Tunataka msomaji achukue takwimu za kampuni yenyewe, zile ndogo, na afanye hesabu ya shule ya msingi. Chukua tani moja yenye gramu 200 za dhahabu na asilimia 20 ya shaba, yaani kilo 200. Kwa bei za mwaka 2017, gramu ya dhahabu ilikuwa kadiri ya dola 40 na kilo ya shaba kadiri ya dola 6. Dhahabu ya tani hiyo ni dola 8,000. Shaba yake ni dola 1,200. Maana yake ni kwamba, hata kwa maneno ya mwenye mgodi, thamani ya dhahabu ilikuwa karibu mara saba ya thamani ya shaba.

Sasa turudi kwenye jedwali. Unga huo una milango miwili ya kupitia. Mlango wa kwanza ni 2603, makinikia ya shaba. Mlango wa pili ni 2616.90, nyinginezo. Kwa uzito, ni shaba: kilo 200 dhidi ya gramu 200, yaani kilo moja ya shaba kwa kila gramu ya dhahabu. Kwa thamani, ni dhahabu. Jedwali lina kanuni zake za tafsiri, na kanuni ya tatu husema kwamba mchanganyiko unaoweza kuingia katika mafungu mawili, ambapo hakuna fungu linaloutaja waziwazi zaidi, huwekwa kufuatana na kile kinachoupa tabia yake ya msingi. Tabia ya msingi ni nini? Maelezo ya jedwali hutaja mambo kadha wa kadha ya kutazama, wingi, uzito na thamani vikiwemo, kisha humwachia mtu aamue. Hapo ndipo siasa inapoingia katika kitabu cha namba: mizani na soko vinatoa majibu mawili yanayopingana, na mwenye kuandika hati ndiye anayechagua. Na akichagua mlango wowote kati ya hiyo miwili, neno dhahabu halionekani mlangoni.

Tukifika hapa wapo ndugu zetu wanaoruka na kusema, "Basi namba ndiyo iliyotuibia!" Hilo ni kosa, na ni lazima tulikosoe kwa ukali kwa sababu linatoka kambini kwetu. Mrabaha wa madini hautozwi kwa namba ya forodha. Hutozwa kwa thamani ya madini yaliyomo, na thamani hiyo hupatikana maabara. Dhahabu ilitajwa katika nyaraka. Ugomvi ulikuwa juu ya kiasi. Aliyetazama namba tu asingejua kuna dhahabu, lakini aliyesoma hati nzima angejua. Namba haikumwibia mtu. Ilichofanya ni kuifanya takwimu ya biashara iwe kipofu: atakayejumlisha mauzo ya nchi kwa vifungu ataona shaba nyingi ikitoka Kahama, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kwenda kutafuta utajiri wa shaba.

Tena upofu huo unaweza kumdanganya hata rafiki. Mwaka 2016 UNCTAD, shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, lilitoa utafiti ulioonyesha pengo kubwa mno kati ya dhahabu iliyoandikwa kutoka Afrika Kusini na ile iliyoandikwa kuingia katika nchi za wanunuzi. Wengi walilipokea pengo hilo kama ushahidi wa wizi. Baadaye ikaonekana kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na jinsi Afrika Kusini ilivyoiandika dhahabu yake katika takwimu, pembeni na bidhaa nyingine, na utafiti ukalazimika kurekebishwa. Adui alifurahi sana siku hiyo. Kada anayepiga kelele za wizi kabla ya kusoma jedwali humpa mwizi wa kweli mahali pa kujificha.

Kosa la pili la mwaka ule lilikuwa kuhesabu makontena. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, iliyotoa taarifa yake tarehe 12 Juni 2017, ilirudi nyuma hadi mwaka 1998 ikikadiria makontena kwa makumi ya maelfu na hasara kwa matrilioni ya shilingi. Mikutanoni tulikariri matrilioni hayo kama watoto wanaokariri jedwali la kuzidisha. Wachache waliuliza swali lililokuwa gumu zaidi: kwa nini kwa miaka yote hiyo ilihitajika kamati maalumu kufungua kontena? Kamati ya kwanza ilikuwa imekwisha kusema kwamba mashine za ukaguzi za bandarini hazikuwa na uwezo wa kuonyesha kilichomo ndani ya makinikia. Wakala wa kukagua madini alikuwapo tangu 2009. Sheria zilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa upande wetu anayesimama kati ya mizani, maabara na jedwali, mwenye ujuzi na mamlaka ya kusema: hapana, hiki hakiitwi hivyo.

Mabadiliko ya sheria ya Julai 2017 yalipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 4 hadi 6, yakaweka ada ya ukaguzi ya asilimia 1, yakaipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16, na yakaunda Tume ya Madini. Oktoba 2019 yalitangazwa makubaliano na Barrick, iliyokuwa imeichukua Acacia: dola milioni 300 na kampuni ya ubia ya Twiga. Wengine wanayasifu makubaliano hayo na wengine wanayalinganisha na madai ya kodi ya dola bilioni 190 ya mwaka 2017 na kutikisa kichwa. Sisi tunaandika tu kwamba makinikia yaliruhusiwa tena kusafiri, na kwamba milango katika sura ya 26 ilibaki ileile miwili.

MKUO WA GEITA NA MKUO WA MWANZA

Mchimbaji mdogo wa Geita hajui habari za sura ya 26. Yeye anajua duara, karasha, mwalo na zebaki. Zamani akishachoma dhahabu yake alimwuzia mnunuzi aliyemkuta mlangoni, na baada ya hapo dhahabu hiyo ilikuwa imekwenda. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, mwezi mmoja baada ya Serikali kuwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani na kodi ya zuio. Katika soko hilo dhahabu hupimwa mbele ya mwenyewe na usafi wake husomwa na mashine. Kwa maoni yetu, dawati lile la kupimia limefanya kazi ya kimapinduzi kuliko makongamano mengi tuliyohudhuria, kwa sababu mtu aliyevuja jasho shimoni anaiona namba ya mali yake kabla hajaiuza.

Lakini namba hiyo ya usafi inafia wapi? Inafia mpakani. Mwaka 2021 kilizinduliwa kiwanda cha kusafisha dhahabu cha Mwanza, chenye ubia wa Shirika la Madini la Taifa na uwezo wa kuanzia wa kilo 480 kwa siku, kikifikisha usafi wa asilimia 99.99. Chukua mkuo ghafi, ule wataalamu wanaouita dore, wenye fedha na takataka nyingine ndani yake. Uutoe nchini hivyo hivyo: namba yake ni 7108.12. Sasa chukua mkuo uliopita Mwanza, uliosafishwa na mikono ya vijana wetu, usio na takataka yoyote. Namba yake ni 7108.12. Kwa kanuni za sura ya 71, hata mchanganyiko wenye asilimia 2 tu ya dhahabu, ikiwa hauna platinamu ya kufikia kiwango hicho, huhesabiwa kuwa dhahabu. Kwa hiyo kazi yote ya kusafisha, kuanzia tindikali hadi umeme na mshahara wa mfanyakazi, haionekani kabisa katika takwimu za biashara ya dunia. Tunasema tumeacha kuuza mali ghafi. Tutathibitishaje, kama mali ghafi na mali iliyokamilika zina jina moja?

Jedwali linajua kutofautisha likitaka. Tangu Oktoba 2024, kwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Madini, wenye leseni za uchimbaji na wafanyabiashara wa dhahabu wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 ya dhahabu yao isafishwe na kuuzwa ndani ya nchi, na mnunuzi ni Benki Kuu inayojenga akiba yake. Mkuo uleule wa Mwanza ukiingia katika akiba ya Benki Kuu unakuwa dhahabu ya kifedha, ambayo ina kifungu chake chenye heshima, 7108.20, na kwa kawaida haihesabiwi kabisa kuwa bidhaa ya biashara. Haukuongezwa gramu wala kupunguzwa. Umebadilisha mwenyewe tu. Mwanafunzi anayesumbuka kuelewa tofauti kati ya thamani ya kitu na uhusiano wa kijamii uliomo ndani ya kitu asiende mbali: kazi ya mfanyakazi haikuubadili jina mkuo ule, lakini hati ya umiliki ya benki imeubadili.

Almasi ya Mwadui inafundisha jambo hilohilo kwa upande wa pili. Huko jedwali linatambua kazi: 7102.10 ni almasi isiyochambuliwa, 7102.21 ni ya viwandani, 7102.31 ni ya vito ambayo haijakatwa, na vyeti vya Mpango wa Kimberley, ulioanza 2003, hutaja vifungu hivyo. Kwa nini almasi imetofautishwa na dhahabu haikutofautishwa? Kwa sababu kulikuwa na watu waliolazimisha swali liulizwe. Haikutosha, ni kweli. Septemba 2017 furushi la almasi za Mwadui lilizuiliwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, Serikali ikisema thamani yake ni kadiri ya dola milioni 29.5 wakati hati zilitaja 14.8, na mwenye mgodi akikana. Kifungu kinaweza kusema almasi imechambuliwa, lakini hakiwezi kusema nani aliyekaa mezani kuichambua.

Na pamba? Neno moja tu. Fungu la 5201, pamba ambayo haijachambuliwa kwa mashine za kusokotea, linabeba pamba mbegu kama ilivyotoka shambani na pia pamba nyuzi iliyotoka kiwandani. Kilo tatu za mkulima hutoa kadiri ya kilo moja ya nyuzi, lakini katika dunia ya namba kinu cha kuchambulia hakipo.

SUFURI MBILI ZA MWISHO

Swali la kada ni: tufanye nini? Kuna wanaosema jedwali ni la mataifa makubwa na halibadiliki. Hao hawajalisoma. Toleo la 2007 lilitenga fungu jipya, 2852, kwa michanganyiko ya zebaki, kwa kuwa dunia ilianza kuogopa sumu yake. Toleo la 2022 lilizipa namba ndege zisizo na rubani na taka za vifaa vya umeme. Hata wadudu wanaoliwa walipata kifungu chao, 0410.10. Senene wa Bukoba ametambuliwa Brussels kabla ya mkuo wa Geita!

Tena mfano mzuri kuliko wote uko nyumbani. Fungua kitabu cha Afrika Mashariki katika sura ya 52, kwenye vitambaa vya pamba vilivyochapwa. Katikati ya Kiingereza kikavu utakutana na maneno matatu: khanga, kikoi, kitenge. Yamewekwa katika tarakimu ya saba na ya nane, na bidhaa hizo zimo katika kundi la bidhaa nyeti zenye ushuru mkubwa kuliko ule wa kawaida. Hakuna mtu Brussels aliyetuomba tufanye hivyo. Nchi za Jumuiya zilikaa, zikaona kwamba viwanda vyao vitakufa kwa kitenge cha kutoka nje, zikaandika jina la kitu kama kinavyoitwa sokoni. Ushuru huo umefanikiwa kiasi gani ni mjadala mwingine, na mama anayenunua kitenge cha magendo Kahama ana maoni yake. Hapa tunaonyesha tu kwamba kalamu ipo mikononi mwetu.

Katika kitabu hichohicho dhahabu isiyofuliwa ni 7108.12.00. Sufuri mbili za mwisho maana yake ni kwamba hatujasema lolote. Pendekezo letu ni kwamba toleo la Afrika Mashariki litakalofuata lile la dunia la 2028 liigawe: mkuo ghafi namba yake, mkuo uliosafishwa namba yake. Kadhalika 2603.00.00 igawanywe ili makinikia ya shaba yenye dhahabu yajulikane, na 5201.00.00 itenge pamba mbegu na pamba nyuzi. Uswisi, ambako dhahabu nyingi ya dunia husafishwa, ilikwisha kuigawa namba ya dhahabu kwa ajili ya takwimu zake tangu Januari 2021. Kama msafishaji ameona faida ya kujua anachopokea, mchimbaji anangoja nini?

Pingamizi zipo na zisidharauliwe. Afisa wa forodha atasema kila namba mpya ni kazi mpya mpakani, na kwamba namba haikusanyi hata senti moja kama hakuna maabara nyuma yake. Anasema kweli, ndiyo maana mashine ya kusoma usafi iliyoko soko la Geita, na hati inayotoka pale, lazima viungane na hati ya forodha, la sivyo mfanyabiashara ataandika "iliyosafishwa" pale anapoona ina faida na "ghafi" pale anapoona ina nafuu.

Pingamizi kubwa zaidi ni ya kisiasa. Kitabu ni cha Jumuiya nzima na hubadilishwa kwa makubaliano. Uganda imekuwa ikiuza nje dhahabu nyingi kuliko inayochimba, jambo ambalo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameliandika mara nyingi wakihusisha sehemu yake na dhahabu ya mashariki ya Kongo, na Kongo yenyewe sasa ni mwanachama. Si kila mjumbe atakayeketi Arusha atapenda tarakimu zinazouliza mkuo umetoka mgodini au umetoka kiwandani, kwa kuwa swali la tatu litakuwa mgodi upi. Wengine watapendekeza jambo lisogezwe mkutano ujao, kisha ujao. Ikiwa hivyo, Tanzania inaweza kuanza peke yake kwa namba za takwimu zisizogusa ushuru, kama walivyofanya Waswisi, ikitumia hati za masoko ya Geita, Kahama na kwingineko. Kazi hiyo haihitaji idhini ya mtu. Inahitaji Mamlaka ya Mapato, Tume ya Madini na ofisi ya takwimu vikae meza moja, na vyuo vyetu viwafundishe vijana kusoma sura ya 26, 52 na 71 kwa makini yaleyale wanayosomea historia ya ukoloni.